Hesabu ya Kiduha Iko Udongoni

Katika shamba lenye kiduha, hasara huonekana kabla ya gugu lenyewe. Mahindi yameota vizuri, yamepaliliwa, na mvua imenyesha juzi tu. Hata hivyo, kufikia wiki ya nne au ya tano mimea inadumaa, majani yananyauka jua linapopanda, na rangi ya manjano inaanza kujitokeza kana kwamba kuna ukame. Mkulima anakagua majani, anatafuta mdudu, haoni kitu. Lakini ukichimbua shina moja taratibu, ukakung'uta udongo bila kukata mizizi, utakuta vichipukizi vyeupe, laini, vimejishika kwenye mizizi ya mahindi. Havijaona mwanga bado. Wiki mbili tatu baadaye vitatoboa ardhi, vitageuka kijani na kuchanua maua yanayopendeza macho, na wakati huo sehemu kubwa ya mavuno itakuwa imeshaliwa.

Aina mbili za gugu hili ndizo zinazotusumbua zaidi Afrika Mashariki. Kuzunguka Ziwa Victoria, kuanzia Busia, Siaya na Homa Bay hadi Mara, Mwanza na Shinyanga, inayotawala ni Striga hermonthica, ndefu, yenye maua ya zambarau. Waluo huiita kayongo. Kuanzia Morogoro kushuka hadi Kyela na kuvuka mpaka kuingia Malawi, kuna Striga asiatica, fupi, yenye maua madogo ambayo mara nyingi ni mekundu. Zote mbili hushambulia mahindi, mtama, uwele, miwa na mpunga wa nchi kavu. Magharibi mwa Kenya peke yake, zaidi ya hekta 200,000 zimeathirika. Hasara shambani huanzia sehemu ndogo ya mavuno hadi shamba zima kutotoa hata gunia moja, na wako wakulima waliolazimika kuliacha shamba lao na kuhamia kwingine.

Ili kuelewa kwa nini gugu hili linawashinda watu wenye bidii, inabidi kuanza na mbegu yake. Ina urefu wa takriban theluthi moja ya milimita. Ukivipukuchua vitumba vilivyokauka juu ya kiganja, mbegu zinakuwa laini kama ugoro, zinaingia katika mistari ya ngozi na hazitoki kirahisi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mmea ulionawiri hupita laki moja. Tuchukue kiasi cha wastani, mbegu 50,000. Mkulima akiacha mimea kumi tu ikomae katika eka nzima, ameongeza mbegu nusu milioni. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Zikitawanyika sawasawa, hizo ni zaidi ya mbegu 120 katika kila mita ya mraba, kutokana na mimea kumi ambayo mtu yeyote angeweza kuipita bila kuiona. Na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai.

Ndiyo maana napima kila njia ya kupambana na kiduha kwa swali moja: msimu ukiisha, mbegu zilizomo udongoni zimepungua au zimeongezeka? Mavuno ya mwaka huu ni muhimu, kwa sababu watoto wanakula mwaka huu. Lakini njia inayookoa mavuno ya leo na kuacha akiba ya mbegu ikiongezeka inamkopesha mkulima kwa riba asiyoijua. Na njia inayopunguza mbegu bila kumwachia chakula haitadumu misimu miwili. Ugumu wote wa kiduha uko kati ya mambo hayo mawili.

Mbegu ya kiduha haioti kwa sababu tu mvua imenyesha. Inahitaji kwanza kukaa kwenye unyevu na joto kwa wiki moja au mbili, kisha inasubiri ishara. Ishara hiyo ni kemikali zinazotolewa na mizizi ya mimea kwa kiasi kidogo mno, zinazojulikana kama strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966, nchini Marekani, kutoka kwenye mizizi ya pamba. Kwa karibu miaka arobaini wataalamu walijua kwamba mizizi inatoa kemikali hizo lakini hawakuweza kueleza kwa nini mmea umwite adui yake. Jibu lilikuja mwaka 2005 kutoka kwa watafiti wa Japani: mmea haumwiti kiduha. Unaita kuvu rafiki waishio udongoni, ambao hujiunga na mizizi na kuiletea madini, hasa fosforasi. Kiduha kimejifunza kuisikiliza ishara isiyokihusu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2008, ikabainika kwamba kemikali hizo pia ni homoni ya mmea wenyewe, inayouamuru upunguze kutoa matawi.

Hapa ndipo sayansi ya maabara inapogusa shamba la mkulima wa kawaida. Mmea uliokosa fosforasi huongeza ishara hiyo, kwa sababu unahitaji msaada wa kuvu zaidi, na katika mtama upungufu wa naitrojeni huleta matokeo hayohayo. Kadiri udongo unavyochoka ndivyo mahindi yanavyoita kwa nguvu, na ndivyo mbegu nyingi zaidi za kiduha zinavyoamka. Wakulima wengi wameliona hilo kwa macho yao: kiduha hujaa pale ambapo mahindi yamepandwa msimu baada ya msimu bila samadi, kwenye udongo wa kichanga, na hupungua karibu na zizi. Mtu aliyesema kiduha ni ugonjwa wa ardhi iliyochoka hakuwa mbali na ukweli.

Mbegu ikishapata ishara hutoa mzizi wa milimita chache tu, na ina siku chache za kugusa mzizi wa zao. Isipougusa hufa, kwa sababu haina chakula cha kuendelea. Ikiugusa, hutengeneza kiungo cha kunyonyea kinachopenya hadi kwenye mirija ya maji ya mwenyeji. Kuanzia hapo kiduha kinaishi kwa maji, madini na sukari ya mwenzake. Kinafanya na jingine baya zaidi. Mmea wa kawaida ukikosa maji hufunga vinyweleo vya majani yake. Kiduha huviacha vyake wazi, hivyo maji yanaendelea kuvutwa kuelekea kwake hata wakati mahindi yanajaribu kubana matumizi. Wakati huohuo uwezo wa mahindi kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua unavurugika, kwa kiwango kinachozidi hata kile kinachoibwa. Ndiyo sababu viduha vichache tu vinaweza kudumaza shina zima.

Mahindi huumia kuliko mtama. Mtama ni zao la Afrika, limeishi na kiduha kwa maelfu ya miaka, na baadhi ya mbegu zake za kienyeji zimepata kinga. Mahindi yaliletwa kutoka Amerika karne chache zilizopita, yakakutana na adui asiyemjua. Tulipoacha mtama na uwele katika maeneo mengi ya kanda ya ziwa ili kula ugali wa mahindi, tulipata ladha tuliyoipenda, na kiduha kikapata mwenyeji asiye na ulinzi.

Hata mahindi ya Amerika yenyewe hayakusalimika: mwaka 1956 Striga asiatica iligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina. Serikali ya Marekani haikungoja. Iliweka karantini, ikazuia mitambo na mazao kutoka bila kukaguliwa, ikagharimia dawa, na baada ya muda ikaanza kudunga gesi ya ethilini ardhini kwa mitambo maalumu. Ethilini huzidanganya mbegu za kiduha ziote mahali pasipo na zao lolote, zikafa zenyewe. Zaidi ya eka 400,000 zilikuwa zimeambukizwa, na kwa miongo kadhaa ya kazi isiyokatika zikapungua hadi kubaki elfu chache. Hakuna mkulima wa Bunda au Ugunja atakayenunua mtambo wa ethilini. Lakini kanuni yenyewe, kuamsha mbegu bila kuipa chakula, haihitaji mtambo.

Inahitaji zao sahihi. Mizizi ya pamba, soya, karanga na alizeti huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu yake. Mkulima wa Usukuma anayepokezanisha pamba na mahindi anafanya, pengine bila kuambiwa, kilekile kilichofanywa na gesi kule Carolina. Kila msimu wa pamba ni msimu wa kupunguza mbegu za kiduha. Bei ya pamba inapoanguka na watu wakarudi kwenye mahindi mfululizo, hasara yao haihesabiwi tu kwa pesa ya pamba iliyokosekana. Soya ina faida ya ziada ya kuongeza naitrojeni, ingawa aina za soya hutofautiana sana katika uwezo wa kuamsha mbegu, na hilo ni jambo la kumuuliza afisa ugani kabla ya kununua.

Tahadhari inahitajika kwa kunde. Mkulima anayeacha mahindi na kupanda kunde au njugumawe ili kukimbia kiduha anaweza kukutana na jamaa yake, Alectra vogelii, mwenye maua ya manjano na sehemu za chini ya ardhi zenye rangi ya chungwa, ambaye hushambulia mikunde. Dalili zinafanana: kudumaa, kugeuka manjano, kuzaa maganda machache. Anayeona ua la manjano kwenye kunde na kudhani ni kiduha kilekile cha mahindi atabadilisha mazao kwa mpangilio usiofaa.

Njia ninayoiona kuwa imejibu vizuri zaidi swali la mbegu udongoni ilizaliwa Mbita, Kenya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia funza wa mabua. Walipanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na mabingobingo pembezoni ili yawavute nje ya shamba. Nondo walipungua. Lakini mahali penye desmodiamu, kiduha nacho kilikuwa karibu kutoweka, jambo ambalo halikuwa lengo la jaribio.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kivuli na naitrojeni ya desmodiamu vinachangia, ila havitoshi kueleza matokeo hayo. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: moja huamsha mbegu za kiduha, nyingine huzuia mzizi wake mchanga usikue hadi kufikia mahindi. Mbegu inaamshwa na kunyimwa njia papo hapo, huku mahindi yakiendelea kukua pembeni yake. Tofauti na soya au pamba, mkulima hahitaji kuacha kulima mahindi ili kusafisha udongo. Na kwa kuwa desmodiamu huishi miaka kadhaa, kazi hiyo inaendelea hata baada ya mavuno. Kwa maeneo yenye ukame zaidi, aina ya kwanza ilibadilishwa kwa desmodiamu ya majani ya kijani inayostahimili jua, na mabingobingo yakabadilishwa kwa nyasi za brakiaria. Baadaye mfumo huo ulionekana kupunguza hata viwavijeshi vamizi.

Makumi ya maelfu ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania wanautumia. Si wengi kama wanavyopaswa kuwa, na sababu ziko wazi kwa anayetembelea vijiji. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na si kila duka la pembejeo linayo, ingawa mkulima anaweza kupanda vipande vya shina kutoka kwa jirani. Msimu wa kwanza unadai palizi ya makini, kwa kuwa desmodiamu changa hufanana na magugu na kibarua asiyeijua huing'oa. Asiye na ng'ombe wala mbuzi haoni faida ya malisho. Na baada ya mavuno, mifugo ya kijiji inapoachiwa kuchunga kila mahali, ng'ombe wanaila desmodiamu hadi kwenye shina, huku wakisambaza mbegu za kiduha kwa kwato na kinyesi.

Kikwazo kinachonisumbua kuliko vyote ni cha ardhi ya kukodi. Mtu anayekodi nusu eka kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda mmea wa miaka mitatu. Hana sababu hata ya kung'oa kiduha kilichochanua Julai, kwa sababu mbegu zake zitamsumbua mpangaji ajaye. Mashamba ya namna hii ndiyo yanayozalisha kiduha cha kijiji kizima, na maji ya mvua yanakiteremsha hadi kwa jirani aliyefanya kila kitu sawasawa. Makubaliano ya kukodi yanayompa mpangaji misimu minne au sita yangefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Mbegu bora zina nafasi yake, lakini kila moja ijibu swali lilelile. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili za mtama, Hakika na Wahi, zenye ukinzani uliotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia aliyeko Chuo Kikuu cha Purdue, ambaye mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Mtama wa ukoo huu hutoa ishara hafifu, hivyo mbegu nyingi za kiduha hazisikii chochote. Hilo linaokoa mavuno na linazuia mbegu mpya, ila zile zilizolala udongoni zinaendelea kulala. Ndiyo maana unafanya kazi vizuri zaidi ukiambatana na mbolea na kuhifadhi maji kwa matuta.

Mahindi ya Ua Kayongo, yaliyoingia Kenya miaka ya 2000, yalifuata njia nyingine. Mbegu inayostahimili kiuagugu cha imazapiri inafunikwa na dawa hiyo kabla ya kuuzwa, na kiduha kinachojaribu kushika mzizi mchanga kinakufa, pamoja na mbegu zilizo karibu. Dawa ni kidogo kwa hekta na haipuliziwi hewani. Lakini anayepanda lazima anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa maharage, la sivyo hayataota, na lazima anunue mbegu kila msimu.

Kuna pia kuvu wa jamii ya fuzariamu, aliyeteuliwa kwa sababu hukiua kiduha bila kudhuru mahindi. Katika majaribio magharibi mwa Kenya, wakulima walikuza kuvu huyo kwenye wali uliopikwa, wakaanzia na kijiti cha meno kilichombeba, kisha wakaweka kiasi kidogo katika kila shimo la mahindi. Mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 42 hadi 56 kutegemea msimu. Ninaipenda njia hii kwa kuwa inatumia ujuzi ambao mama wa nyumbani tayari anao, na inakiua kiduha kabla hakijatoa mbegu.

Kyela inafundisha somo tofauti. Kwenye miinuko yenye mpunga wa nchi kavu kuna Striga asiatica. Ukishuka mabondeni penye maji kuna Rhamphicarpa fistulosa, gugu kimelea jingine linaloitwa huko mbosyo, ambalo linaweza kuota hata pasipo mpunga. Majaribio ya tarehe za kupanda yalionyesha kwamba kuchelewesha kidogo kupanda mpunga wa mwinuko hupunguza kiduha, ilhali bondeni ni kupanda mapema kunakosaidia kuukwepa mbosyo. Ushauri mmoja kwa wilaya nzima ungemwokoa mkulima wa mwinuko na kumwangamiza wa bondeni, au kinyume chake. Kulima marejea kabla ya mpunga, kisha kuyafukia kama mbolea ya kijani, kumewasaidia wengi huko, kwa sababu marejea hulisha udongo na pia huamsha kiduha bila kukilisha.

Inabaki kazi ya kung'oa, ambayo wengi wanaidharau kwa sababu ya kweli kabisa. Kung'oa kiduha kilichokwisha chomoza hakuongezi mavuno ya msimu huo kwa kiasi cha kuonekana. Mama anainama siku nzima juani, na mahindi yake yanabaki yamedumaa vilevile. Bila kuelezwa kwamba anafanya kazi ya mwaka ujao na ule utakaofuata, ataacha, na hakuna haki ya kumwita mvivu. Kazi hiyo inalipa ikifanywa kabla ya vitumba kukomaa, yaani ndani ya wiki mbili hivi tangu maua ya kwanza. Viduha vilivyong'olewa vikiwa na maua visitupwe pembeni mwa shamba, kwa sababu vitumba vinaweza kuendelea kukomaa juu ya mmea uliong'olewa. Vichomwe. Na wiki za baada ya mavuno ndizo hatari zaidi: mahindi yameshavunwa, watu wamehamia kwenye kupukuchua na kuuza, lakini mashina yaliyobaki na mizizi mibichi yanaendelea kukilisha kiduha kinachochanua kwa amani. Kung'oa mabua mara tu baada ya kuvuna kunakikatia chakula.

Mwenye eka moja iliyojaa kiduha na mfuko mdogo asijaribu kuiponya yote kwa mara moja. Aigawe robo nne. Robo moja ipate desmodiamu na mahindi, au soya kwa misimu miwili mfululizo, pamoja na samadi yote aliyonayo badala ya kuitawanya kidogokidogo kila mahali. Samadi hiyo iwe imeozeshwa vizuri kwenye lundo lenye joto, maana mbegu za kiduha huweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Katika robo zilizobaki aendelee na mahindi au mtama anaoupenda, akizuia tu viduha visikomae. Msimu wa tatu au wa nne ahamie robo inayofuata. Na robo ya kuanzia iwe ile ya juu kabisa ya mteremko, kwa sababu ndiko maji ya mvua yanakoanzia kubeba mbegu kwenda kwenye zile nyingine.